Jina Langu kwenye Mbao za Nyaga

Tangu nirudi Nkubu, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Kendi, ilikuwaje?" Na kila mmoja ameshasikia kipande chake. Mafundi wenzangu wa soko la Gakoromone wamesikia kwamba nilikamatwa Siakago kwa wizi wa mzinga. Akina mama wa kanisa wamesikia nilimnyang'anya mjane kiti matangani. Hakuna lililo kweli kabisa, na hakuna lililo uongo mtupu. Kwa hiyo nimeketi niandike yote mara moja, msome, kisha mniache nifanye kazi.

Kwa msiojua, mimi ni seremala. Nilitengeneza vitanda na makochi mjini Meru kwa miaka tisa kabla ya kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili katika ubunifu wa samani endelevu. Maana yake ni samani ambazo mti wake haukukatwa ovyo, ambazo hazikutiwa sumu, na ambazo zikivunjika zinatengenezeka badala ya kutupwa. Jirani yetu mmoja aliposikia hivyo alishika kiuno akacheka hadi akatoa machozi. "Masters ya stuli!" alisema. Mimi sikucheka. Mimi ni Mmeru, hasira ninazo, na sikatai.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kiti kimoja. Mgongo wake na fremu ya kikalio nilivitoa kwenye mizinga ya kienyeji, ile ya gogo lililochongwa likawa wazi katikati, ambayo nyuki walikuwa wameihama kule Mbeere. Miguu ni ya mukima, ule mti wa kivuli unaopandwa mipakani mwa mashamba, kutoka shamba la kahawa la baba yangu. Kikalio kimesukwa kwa kamba za magome ya mgomba. Kiti kizima hakina msumari hata mmoja. Katika tasnifu yangu nilidai jambo moja kubwa: kwamba kila kipande cha kiti hiki kina mtu anayejulikana, aliyekitoa kwa hiari yake, si mbao za kununuliwa kwenye yadi ambako hakuna ajuaye mti ulianguka wapi.

Msimamizi wangu, mama mpole mwenye kalamu nyekundu isiyo na upole wowote, alisoma dai hilo akalizungushia duara. "Vizuri," akasema. "Basi kabla ya Ijumaa, kipeleke kiti kwa kila aliyetoa kitu. Wakione kikiwa kamili, waseme kwa midomo yao kwamba ni chao kilichotumika. Mmoja akikataa, sura ya tatu yote inaanguka."

Sura ya tatu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ikianguka, hakuna shahada. Na siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Laare hadi Meru

Nilianzia Laare Jumatatu asubuhi, kwa sababu kiti kilikuwa huko. Nilikuwa nimemwachia Kagendo asuke kikalio. Kagendo hufunga miraa. Ukimwona akiviringisha kile kifurushi ndani ya jani la mgomba, akavuta kamba ya gome kwa meno na vidole, akafunga fundo kabla hujakohoa, utaelewa kwa nini sikumtafuta msusi wa vikapu. Nilitaka mikono inayojua kufunga kitu ambacho kitarushwa ndani ya pikapu na kikafika bila kulegea.

Nilikikuta kiti kwenye kona ya kibanda, kikalio kimesukwa robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa inaning'inia.

"Si tulisema Jumatatu?" nikamuuliza.

"Leo si ndiyo Jumatatu?" akajibu bila kuinua macho. "Mvua ilinyesha, miraa imekuja mingi. Keti hapo. Kiti yako haiwezi kunyauka. Hii itanyauka."

Niliketi juu ya kreti. Nililetewa chai na nduma, nikala huku wanunuzi wakiingia na kutoka na bodaboda zao, wakilaumu kila kitu. Mmoja aliona kiti, akakikalia moja kwa moja ili afungue fundo la miraa na kukagua majani. Kagendo alimrushia maganda ya mgomba. "Toka hapo! Hiyo inaenda university!" Yule kijana aliinuka mbio, akakitazama kiti kwa woga, akaniuliza kama university sasa wanasomea kukaa. Watu wote walicheka. Nilitaka kukasirika lakini swali lenyewe lilikuwa zuri.

Saa nane, wanunuzi walipoondoka, Kagendo alivuta kiti katikati ya miguu yake na kwa muda usiofika saa moja alimaliza. Kisha akavua viatu, akapanda juu ya kikalio kwa miguu miwili, akaruka. Yeye si mwanamke mwembamba. Nilipiga ukelele.

"Kama haitabeba mimi, itabeba nani?" akasema, akaruka tena. Kamba hazikulia. Viungo vyangu vya mbao havikulia pia, na hapo nilijisikia fahari ambayo sitaki kuificha. Nikawasha kinasa sauti cha simu yangu. Kagendo akasogea karibu sana na simu, akatangaza kama yuko redioni: "Mimi ni Kagendo wa Laare. Hii kamba ni mimi nimefunga. Ikikatika, mtu aniite mimi, asiite mwingine."

Wa kwanza akawa amekubali. Niliteremka Meru jioni ile na dereva wa miraa aliyekuwa akirudi bila mzigo, kiti kimefungwa kwa blanketi, roho yangu ikiwa juu.

Meru hadi Nkubu

Jumanne nilipita Gakoromone kuazima msasa laini kwa mafundi wenzangu, na hapo nikafanya kosa la kukiweka kiti chini kando ya njia ya sokoni nikaenda kunywa uji. Niliporudi, mama mmoja muuza viazi alikuwa amekikalia, debe lake mbele yake, akiuza.

"Mama, hicho ni changu," nikamwambia.

"Najua si changu," akasema. "Lakini mgongo umeacha kuniuma. Ngoja nimalizie huyu customer." Nikangoja amalizie huyo, na aliyefuata, na aliyefuata. Aliponipa kiti changu alinipa na viazi vitano, eti malipo ya kukodi kiti.

Nkubu ilikuwa rahisi. Baba alikuwa amekwishawaita majirani watatu, mmoja wao yule wa stuli. Baba yangu husema maneno machache, na siku ile alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikizunguka kiti, akainama, akaweka kiganja kwenye mguu wa mbele wa kulia.

"Huu ni ule mukima wa karibu na choo," akasema huku simu yangu ikinasa. "Ule ulipigwa na radi kwa tawi." Sijui alijuaje. Nilikuwa nimeuchonga mguu ule hadi mimi mwenyewe nisingeutambua. Kisha akamgeukia jirani. "Masters ya stuli, unaona?" akamwambia, akaketi, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, na kwa karibu saa nzima hakumpisha mtu.

Nkubu hadi Runyenjes

Sasa hii ndiyo habari ya mjane, na nawaomba muisome vizuri kabla ya kuisimulia tena.

Muthomi, fundi wa majeneza hapa Nkubu, alikuwa akipeleka jeneza Runyenjes Jumatano alfajiri, kwa mzee mmoja mkulima aliyefariki. Akaniambia pikapu ina nafasi, na kwamba kutoka Runyenjes hadi Embu ni karibu tu. Tukafunga jeneza, tukafunga kiti kando yake, tukafunika turubai moja juu ya vyote viwili. Njia nzima, Chogoria, Chuka, na zile kona za kushuka mtoni na kupanda tena, watu walituona wakavua kofia. Muthomi aliwapungia mkono kwa heshima. Mimi nilijifanya mfiwa.

Tulifika chumba cha maiti mapema. Watu wa familia walikuwa hawajafika, kwa hiyo tukavuka barabara kunywa chai na mandazi. Mandazi yalikuwa ya moto, Muthomi ana hadithi nyingi, na tulipogeuka kutazama pikapu, ilikuwa tupu. Familia ilikuwa imekuja, imeona turubai, ikashukuru Mungu, ikapakua kila kilichokuwa chini yake. Msafara ulikuwa unaishia konani.

"Wamechukua kiti!" nikasema.

"Wamechukua pia spana yangu," akasema Muthomi, na tukaruka ndani ya gari.

Tulipofika bomani, watu walikuwa wamejaa, hema limesimikwa, jeneza liko mbele kwenye stendi yake. Na kando ya jeneza, kwenye kiti changu, mama wa marehemu alikuwa ameketi. Samahani, mke wa marehemu, lakini umri wake ulikuwa wa nyanya yangu. Alikuwa na leso nyeupe kichwani, mikono yake imelala kwenye mapaja, na mgongo wake umeegemea mbao za mzinga.

Binti yake mkubwa alikuja moja kwa moja akanishika mikono yote miwili. "Asanteni kwa kutuongezea kiti," akasema. "Hata hatukuwa tumeitisha. Mummy ana shida ya mgongo, tulikuwa tunajiuliza atakaa wapi hiyo time yote. Mungu awabariki."

Muthomi alinitazama. Mimi nilitazama chini. Niambieni nyinyi mnaojua kila kitu, mngesema nini? Nilisema, "Karibuni."

Basi tukakaa matanga. Kwaya ziliimba tatu. Wajukuu walisoma wasifu. Ndugu wa marehemu walizungumza, na jirani, na mwakilishi wa wakulima wa kahawa, na mchungaji, ambaye alianza kwa kusema hatachukua muda. Nilikuwa nimepanga kulala Siakago siku ile, na niliona jua likipita juu ya hema bila mimi. Lakini nitasema ukweli: baada ya saa ya pili niliacha kuhesabu muda, nikaanza kumtazama yule mama. Kila alipolia, aliegemea. Kila alipoegemea, mgongo wa kiti ulimpokea pale hasa nilipotaka umpokee mtu, chini ya mabega, kwa ule mviringo wa mzinga. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja kuhusu mviringo ule. Yeye aliueleza vizuri zaidi bila neno.

Baada ya maziko tulikula wali, minji na nyama. Nikamwambia Muthomi mimi siwezi kwenda kumwambia mjane. Akasema yeye pia hawezi, na spana yake ameshaipata. Mwishowe ni yule mama mwenyewe aliyeniita.

"Wewe umeangalia hiki kiti kuliko vile umeangalia jeneza," akasema. "Ni chako?"

"Ni changu, nyanya. Kilishushwa kwa makosa."

"Na umeniacha nikae siku nzima?"

"Nisingeweza kukuinua."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. Binti zake waligeuka kwa mshangao. Akainuka polepole, akavua leso yake, akapangusa kikalio, akaniambia, "Ukitengeneza kingine, unitafute. Lakini usikilete na jeneza." Hivyo ndivyo nilivyomnyang'anya mjane kiti. Nililala Embu mjini.

Embu hadi Siakago

Alhamisi niliteremka Mbeere. Ukitoka Embu kwenye migomba na chai, unashuka tu, na kila baada ya kilima hewa inakuwa nzito na miti inakuwa mifupi, hadi unafika kwenye mashamba ya ndengu na migunga yenye mizinga matawini. Kipande cha mwisho nilikipanda kwa bodaboda. Mwenye pikipiki alikifunga kiti nyuma yangu, miguu juu, akaniambia hajawahi kubeba abiria mpole kama huyo.

Nyaga alinipokea mwenyewe. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mfugaji wa nyuki na mbuzi, kiongozi wa kwaya kanisani kwake, mtu wa mzaha. Mwaka uliopita ndiye aliyenipa mizinga mitano iliyokuwa imepasuka. Mizinga hiyo alikuwa ameichonga baba yake. Hakuitisha chochote, alisema tu, "Utarudi nione."

Mkewe, Mama Ireri, alituletea uji wa mtama na ndengu zilizokaangwa kwa kitunguu, na tulipomaliza, Nyaga akanawa mikono akakifungua kiti kutoka kwenye blanketi. Akapitisha vidole kwenye mgongo. "Hii ni mzinga kweli?" akamuuliza mkewe. "Mama Ireri, ona vile mzinga imekuwa!" Mimi nilikuwa nimekaa na kifua mbele. Nilifikiri safari imekwisha.

Kisha akakizungusha kiti, akatazama nyuma ya mgongo, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni nini?"

Ilikuwa K.M., herufi mbili nilizozichoma kwa chuma cha moto, kubwa kama kiganja. Kendi Muriuki.

"Ni jina langu," nikasema.

"Na yangu iko wapi?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka. Karibu na mlango wa kila mzinga palikuwa na alama iliyokatwa kwa kisu, mistari miwili na kitone katikati. Alama ile ilikuwa inashika uchafu na kuharibu mng'ao wa mbao. "Niliipiga randa," nikamwambia. "Ilikuwa inazuia polishi."

Nyaga hakupaza sauti. Alitoka nje, akaita majirani wawili, mzee mmoja mchonga mizinga anayeitwa Nthiga na mama mmoja kutoka boma la pili. Wakaketi. Nyaga akawaonyesha mgongo wa kiti.

"Mkikuta mzinga imekwanguliwa alama ya mwenyewe," akawauliza, "na juu yake mtu ameweka yake, mtasema nini?"

"Mwizi," akasema Nthiga papo hapo.

"Tena mwizi hana haya," akaongeza yule mama.

Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama. "Mimi si mwizi!" nikasema, na sauti yangu ilifika kwa mbuzi. "Nyaga, wewe ulinipa hii mizinga na mkono yako! Ulinisaidia kuibeba!"

"Nilikupa," akasema taratibu. "Wewe unajua na mimi najua. Hawa watajuaje? Hapa kwetu mzinga iko huko porini peke yake. Haina kufuli, haina askari. Mtu anapita na njaa, anaona alama, anaenda. Alama ndiyo kufuli. Sasa wewe unataka niseme kwa simu yako mbao ni ya Nyaga, na kiti yenyewe inasema ni ya K.M. Mimi ndiye nitaonekana muongo."

"Basi weka alama yako kando ya yangu," nikasema.

"Mzinga haina wenyewe wawili."

"Kwa hivyo hutasema?"

"Kwa hiyo kiti? Hapana."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi la mbuzi, nikalia kwa hasira. Nitawaambia kwa nini, maana hata nyinyi mafundi hamjui. Miaka tisa nilitengeneza vitanda Gakoromone, na kila kitanda kilipomalizika mwenye duka alibandika stika yenye jina lake. Watu walilala kwenye kazi yangu Meru nzima na hakuna aliyenijua. Niliporudi darasani, jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba mbunifu huweka sahihi kwenye kazi yake. Nilikwenda kutengenezesha chuma chenye herufi zangu kabla hata sijachora kiti. Niliichoma K.M. ile kwa furaha. Na sasa mtu ananiambia niifute.

Lakini kadiri nilivyosimama pale, ndivyo sura ya tatu ilivyonirudia kichwani. Nilikuwa nimeandika kwamba kila mbao ina mtu wake anayejulikana. Nikachukua mbao ya mtu anayejulikana, nikafuta jina lake, nikaweka langu. Yule mwenye duka angalau alisubiri kitanda kikauke. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya kuitwa mwizi mbele za watu. Ilikuwa aibu ya kuona kwamba walikuwa na haki.

Randa yangu ndogo hukaa mkobani siku zote. Nilirudi, nikakilaza kiti juu ya blanketi, nikapiga magoti. Hakuna aliyeniambia nifanye. K ilitoka kwanza, kisha M, vipande vyembamba vilivyojikunja vikaanguka kwenye vumbi, na kutoka ndani ya mbao harufu ya nta ikapanda mpya kabisa, kana kwamba nyuki waliondoka jana. Nthiga aliinama akaokota kipande akakinusa. Nilimaliza, nikapitisha msasa, nikamwambia Nyaga, "Haya. Leta moto."

Alipasha chuma chembamba jikoni kwa Mama Ireri. Nilimwomba achome chini, pembeni, mahali pasipoonekana sana. Alichoma katikati, pale pale. Tena mistari yake ilikaa upande. Moyo wangu wa fundi uliuma kwelikweli, lakini nilimshikia kiti. Moshi ulipoisha alikigeuza kiti, akaketi, akaniambia niwashe simu. "Mimi ni Nyaga," akasema. "Mizinga ni yangu, ilichongwa na baba yangu, na nilimpa huyu dada kwa hiari yangu. Alama iko."

Majirani wakaketi kwa zamu. Nthiga alijigeuzageuza, akaegemea, akafumba macho. "Kiti ya mwizi ni mzuri," akasema, na safari hii hata mimi nilicheka. Niliondoka na chupa ya asali.

Embu, siku ya Ijumaa

Watahini walikuwa watatu, pamoja na msimamizi wangu, kwenye ukumbi mmoja wa kukodi mjini Embu. Nilieleza mti, viungo, kamba. Niliwasikilizisha sauti zote tatu: Kagendo, baba, Nyaga. Kisha mtahini wa nje, mwanamume mwenye miwani, akaja akakipindua kiti.

"Katika tasnifu umeandika kwamba sahihi ya mbunifu iko nyuma ya mgongo," akasema. "Mimi naona alama ya kuchomwa, tena imekaa upande. Sahihi yako iko wapi?"

"Niliifuta jana," nikasema. Nikawaeleza yote, hata neno mwizi, hata kilio cha nyuma ya zizi. Nilipomaliza, msimamizi wangu aliweka ile kalamu nyekundu mezani.

Walinitoa nje, wakaniita tena. Nilikuwa nimefaulu. Kulikuwa na masahihisho, na la kwanza lilikuwa kwamba niandike upya sura ya tatu, kwa sababu, alisema yule wa miwani, ile niliyowaletea kwa mdomo ilikuwa bora kuliko ile ya karatasi. Nililia tena, na safari hii sikujificha popote.

Kisha akasema chuo kingependa kiti kibaki, kiwekwe kwenye maonyesho ya kudumu. Mimi, baada ya Alhamisi ile, nilikuwa nimepata adabu. Nikawaambia lazima nimuulize mwenye mbao. Nikampigia Nyaga, nikaweka simu mezani ili wote wasikie. Mbuzi walikuwa wanalia nyuma yake.

"Nyaga, nimepita!" nikamwambia. Alipiga kelele ya furaha hadi simu ikakwaruza. "Sasa walimu wanataka kiti kibaki huku. Wanauliza kama unakubali."

"Wananiuliza mimi?" akasema. "Mimi kwa nini? Mbao ndiyo yangu, na alama inasema. Kiti ni ya mwenye alitengeneza. Waambie waulize mwenyewe. Si ako hapo?" Kisha akamfokea mbuzi fulani aliyekuwa akiingia kwa ndengu, na simu ikakatika.

Yule mtahini alivua miwani, akanigeukia.

"Haya, mwenye kiti," akasema. "Unasemaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kuhusu kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Nikamwambia hakibaki. Kiti ni changu, na kinarudi nami Meru.